Jicho na Macho: Uchunguzi wa Leksia na Misemo katika Kiswahili na Kinyamwezi, pamoja na Suala la Macho Mekundu Mkoani Tabora

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati na misemo inayohusu jicho katika Kiswahili, kwa kulinganisha na Kinyamwezi na Kisukuma, lugha zinazosikika Choma na katika vijiji vingine vya Mkoa wa Tabora. Hoja yetu kuu ni kwamba Kiswahili hakiutumii umoja *jicho* na wingi *macho* kwa namna moja. Umoja huelekea kutaja nia inayotoka kwa mtazamaji na kumwendea mtazamwa, ilhali wingi huelekea kutaja hali au tabia ya mwenye macho. Tofauti hii, ambayo kamusi zetu hazijaipa nafasi ya kutosha, inasaidia kueleza jinsi *macho mekundu*, ambayo kitabibu ni dalili ya maradhi au ya moshi, yalivyopata kuchukuliwa kuwa alama ya uchawi katika sehemu za Unyamwezi na Usukuma. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kwa wanakamusi na wafasiri wa maandishi ya afya.

1.0 Utangulizi

Majina ya viungo vya mwili ni hazina ya kale katika lugha yoyote. Hayaazimwi kwa urahisi, na kwa sababu hiyo wanaisimu huyategemea wanapotafuta uhusiano wa lugha. Hata hivyo, majina hayo hayo ndiyo yanayosafiri mbali zaidi kimaana, kwani binadamu hutumia mwili wake kuyataja mazingira, hisia na maadili. Jicho ni mfano bora wa hali hiyo.

Choma imo katika Wilaya ya Igunga, kaskazini mwa Mkoa wa Tabora, mahali ambapo Wanyamwezi na Wasukuma wanaishi pamoja na ambapo Kiswahili kinatumika shuleni, zahanati na mnadani. Katika uainishaji wa Guthrie, Kisukuma ni F21 na Kinyamwezi ni F22. Kiswahili kiko katika kundi la G40. Kukutana kwa lugha hizi hakukuanza jana. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo na kufika Unyanyembe, ambapo palikuwa na makazi ya wafanyabiashara yaliyoitwa Kazeh, karibu na mahali uliposimama baadaye mji wa Tabora. Kutoka hapo tawi moja lilielekea Ujiji na jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani walirudi na bidhaa, na pia na lugha.

Maradhi ya macho yamo katika kumbukumbu za njia hiyo tangu mwanzo. Burton na Speke waliwasili Kazeh mwezi Novemba 1857. Walipofika kwenye Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, Speke alikuwa amevimba macho kiasi kwamba hakuweza kuliona vizuri ziwa alilokuwa amelifuata kwa miezi mingi. Katika maandishi yake na ya mwenzake, macho hayo ni ugonjwa tu: yanaelezwa pamoja na homa na uchovu wa safari, wala hayamwongezei wala kumpunguzia mwenyewe chochote kitabia. Tutaona hapa chini kwamba si kila mwenye macho mekundu aliyeishi katika nchi hiyo alipata bahati ya kuelezwa hivyo.

2.0 Umbo la Neno

2.1 *Jicho, jito, liso*

Neno la Kiswahili sanifu ni *jicho*, wingi *macho*. Katika Kimvita tunapata *jito*, wingi *mato*. Mlingano wa *ch* ya Kiunguja na *t* ya Kimvita ni wa kawaida, kama inavyodhihirika katika jozi zifuatazo:

(1) a. macho : mato
b. nchi : nti
c. mchele : mtele

Kinyamwezi na Kisukuma vina *liso*, wingi *miso* (irabu ya shina huandikwa ndefu, *liiso* na *miiso*, katika maandishi yanayozingatia urefu wa irabu za Kinyamwezi). Maneno haya yote yanatokana na shina moja la Mame-Bantu, ambalo kwa ufupi tunaweza kuliandika *-ico*, katika ngeli ya 5 na 6.

Jambo linalostahili kuangaliwa ni wingi. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, jicho na jino hufuata njia moja: *liso* huwa *miso*, na *lino* huwa *mino*. Katika Kiswahili maneno haya mawili yameachana njia. *Jino* limebaki na muungano wa kale wa irabu, *ma-* na *-ino* kutoa *meno*. Kwa kanuni hiyo hiyo tungetarajia wingi wa jicho uwe *mecho*, lakini hakuna asemaye hivyo. Maelezo yanayoelekea kukubalika ni kwamba irabu *i* ya *jicho* ilikuja kuhesabiwa na wasemaji kuwa sehemu ya kiambishi *ji-*, shina likabaki *-cho*, na wingi ukaundwa upya kwa kuambatisha *ma-* juu ya shina hilo fupi. Hivyo basi, neno ambalo kila mtoto hulijua kabla ya kutimiza miaka miwili limebeba ndani yake historia ya uchanganuzi mpya wa mofimu.

2.2 *Kuona* na *mboni*

Kinyamwezi kinatusaidia pia kulifungua neno jingine la Kiswahili ambalo limefumbika. Sehemu nyeusi ya katikati ya jicho huitwa *mboni*. Kwa msemaji wa Kiswahili peke yake, neno hili halina jamaa wa wazi. Lakini kitenzi cha Kinyamwezi chenye maana ya kuona ni *kubona*. Kiswahili kimeipoteza *b* hiyo na kubaki na *kuona*, lakini sauti hiyo ilihifadhika pale ilipotanguliwa na nazali. Hali hii ni sawa na ile ya kivumishi *-wili*, ambacho hutoa *watu wawili* kwa upande mmoja na *nyumba mbili* kwa upande mwingine. Kwa hiyo *mboni* ni nazali, shina *-bon-* na kiishio *-i*: ni kitu kionacho.

Si lugha zote zinazoiona mboni hivyo. Kiarabu huiita mtu wa jicho, na Kireno huiita msichana wa jicho, pengine kwa sababu atazamaye mboni ya mwenziwe hujiona mwenyewe humo akiwa mdogo. Mfasiri na ajihadhari hapa. Akifuata picha hiyo neno kwa neno, ataandika *mtoto wa jicho*, na *mtoto wa jicho* katika Kiswahili ni ugonjwa: ni ule ukungu unaoifunika lenzi ya jicho na kuwapofusha wazee.

3.0 Jicho la Kitu Kisicho na Uhai

Kundi la kwanza la matumizi yaliyopanuka ni lile la umbo. Kitu chochote kidogo, cha mviringo, kilichotokeza au chenye tundu, huweza kuitwa jicho:

(2) a. jicho la maji: mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini
b. jicho la mguu: kifundo kilichotokeza penye kiungo cha mguu
c. macho ya muhogo, macho ya muwa: sehemu za pingili zinazochipua

Mkulima anayeambiwa achague kipande cha shina la muhogo chenye macho ya kutosha anaelewa mara moja kwamba anatafuta mahali patakapotoka uhai mpya.

Matumizi haya si ya Kiswahili peke yake. Katika Kiarabu neno moja, *ain*, ni jicho na ni chemchemi. Na ni mzizi huo huo wa Kiarabu uliotupatia *aina* na *ainisha*, maneno ambayo msomi huyatumia kila siku bila kukumbuka kwamba yana jicho ndani yake. Katika Kimalei *mata* ni jicho, *mata air* ni jicho la maji, yaani chemchemi, na *mata kaki* ni jicho la mguu, sawasawa na Kiswahili. *Matahari*, yaani jicho la siku, ni jua. Kimalagasi, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, ni jamaa wa Kimalei: *maso* ni jicho na *masoandro*, jicho la mchana, ni jua.

Ukoo huo wa lugha unaenea hadi katikati ya Bahari ya Pasifiki. Katika Kihawaii jicho ni *maka*, na kamusi ya Pukui na Elbert, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, inaonyesha jinsi neno hilo lilivyotanuka. *Maka* ni jicho na ni uso pia. Ni ncha ya silaha, na ni chipukizi la mmea. *Makapō*, yaani jicho na usiku, ni kipofu. *Makaʻala*, jicho na kuwa macho, ni mtu aliye chonjo. *Makaliʻi*, ambalo hufasiriwa kuwa macho madogo, ni jina la kundi la nyota ambalo sisi huliita *kilimia*. Mhawaii aliyatazama akaona macho. Mswahili aliyatazama akakumbuka kulima.

Tunajifunza nini kutokana na ulinganisho huu? Kwamba picha za umbo, yaani jicho la maji, jicho la mguu na jicho la mmea, zinazuka katika lugha zisizo na undugu wa kinasaba. Picha hizi hazihitaji kuazimwa, kwani zinatokana na kitu ambacho watu wote wanacho. Picha za maadili ni suala jingine. Hizo hukua katika jamii fulani, na hazina budi kuchunguzwa katika jamii hiyo.

4.0 Umoja na Wingi

Tuzilinganishe sentensi hizi:

(3) a. Nimeyaona kwa macho yangu.
b. Alimtazama kwa jicho la chuki.

Katika (3a) macho ni kiungo cha kupokelea. Kilichoonwa kiko nje, nacho kinaingia. Katika (3b) jicho halipokei kitu, linatoa. Chuki iko kwa mtazamaji nayo inasafiri kumwendea mtazamwa. Ingawa mtazamaji ana macho mawili katika sentensi zote mbili, ni vigumu kubadilishana: *nimeyaona kwa jicho langu* husikika kama msemaji ni chongo au kama anatania.

Mifano mingine inaelekea upande huo huo. Katika umoja tunapata *jicho la husuda, jicho la huruma, jicho baya, jicho pevu, kutupa jicho*. Yote yanataja nia au mwelekeo wa mtazamo. Juu ya hayo kuna *kijicho*. Kimofolojia neno hili ni jicho dogo, nalo huibakiza *ji-* kama ilivyo katika *kijiti* na *kijito*. Lakini msemaji asemapo *ana kijicho* hasemi habari za udogo wa kiungo, bali habari za wivu. Hakuna wingi wa *kijicho* katika maana hiyo. *Vijicho* ni macho madogo tu.

Katika wingi tunapata misemo ya hali:

(4) a. kuwa macho, kukaa macho: kutolala, kuwa mwangalifu
b. kufumbia macho: kuacha jambo lipite kana kwamba halikuonekana
c. macho makavu: kutokuwa na haya
d. macho malegevu: macho yanayodhaniwa kuonyesha mapenzi au ulevi

Muundo wa (4a) unavutia kisarufi. Katika *watoto wako macho*, neno *macho* halileti upatanisho wowote. Linafanya kazi kama *tayari* au *chonjo*. Nomino imegeuka kuwa jina la hali. Umoja hauwezi kufanya kazi hiyo kabisa: *mtoto yuko jicho* si Kiswahili. Methali nazo zinaufuata mgawanyo huu. *Macho hayana pazia* na *mwenye macho haambiwi tazama* zote zinahusu uwezo wa kupokea, nazo ziko katika wingi.

Huenda msomaji akatoa pingamizi kwa kutaja *kumkodolea mtu macho* na *kumkazia mtu macho*, ambapo wingi unaonekana kumwendea mtu. Pingamizi hili ni la haki, lakini halivunji hoja. *Kukodoa* na *kukaza* ni vitenzi vinavyoeleza hali ya kiungo chenyewe: macho yametoka, macho yamekaza. Mwelekeo unaletwa na kauli ya kutendea katika *kodolea* na *kazia*, si na nomino. Tunachodai ni mwelekeo wa jumla, wala si sheria isiyo na tofauti.

5.0 Kasoro, Maradhi na Hukumu

Kundi la misemo ya (4c) na (4d) linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Muundo wake ni rahisi: *macho* na kivumishi. Kwa juu juu, kivumishi kinaeleza sura ya kiungo, kama ukavu au ulegevu. Lakini maana inayokusudiwa ni tabia ya mwenyewe. Mtu mwenye macho makavu hapelekwi hospitali, analaumiwa. Hivyo Kiswahili kina kiunzi kilicho tayari ambacho ndani yake maelezo ya mwili hugeuka kuwa hukumu ya tabia.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina majina ya kasoro na maradhi ambayo hayamo katika kiunzi hicho: *upofu, chongo, makengeza, mtoto wa jicho, vikope*. Haya ni majina kamili, yanayosimama peke yake. *Vikope*, ambalo ni umbo la kudunisha la *kope*, ni jina la ugonjwa unaojulikana pia kama trakoma. Husababishwa na bakteria wanaoenea kwa mikono, nguo na nzi, hasa palipo na upungufu wa maji. Mtoto huambukizwa mara nyingi. Makovu hujijenga upande wa ndani wa kope. Na miaka mingi baadaye kope hujikunja ndani na kuikwaruza mboni kila mtu apepesapo. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto. Nyanda kavu za kati za Tanzania ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana, na tangu miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani limehimiza mpango wenye nguzo nne: upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso na utunzaji wa mazingira.

Kwamba jina la kasoro hutegemea moyo wa anayelitoa ni jambo ambalo wahenga waliliona zamani. Walisema, *ukipenda, chongo huita kengeza*. Mapenzi huchagua jina jepesi. Lakini methali hii ina upande wake wa pili ambao haukusemwa: hofu nayo huchagua jina, na jina la hofu huwa zito.

6.0 Macho Mekundu

Katika sehemu za Unyamwezi na Usukuma, zikiwamo za Mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wenye macho mekundu wamekuwa wakishukiwa kuwa wachawi, na wengi wameuawa kwa mapanga usiku katika nyumba zao. Uzito wa tatizo hili ulionekana katika ngazi ya taifa mwaka 1977, pale Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipojiuzulu kutokana na vifo vya watu waliokuwa wamekamatwa mkoani Shinyanga katika msako uliohusu mauaji ya namna hii. Simon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichunguza suala hili kwa kina katika miaka ya 1990. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, haikuyakomesha mauaji hayo. Vikundi vya sungusungu, vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika eneo la Kahama na Nzega kwa ajili ya kupambana na wezi wa ng'ombe, katika baadhi ya vijiji viliwaandama pia walioshukiwa uchawi.

Chanzo cha wekundu huo si siri. Mwanamke wa kijijini hupika kwa miaka hamsini au zaidi katika jiko lisilo na dirisha la kutosha. Pale ambapo miti imekwisha, hutumia mabua ya pamba au ya mtama, na samadi kavu ya ng'ombe, ambavyo hutoa moshi mwingi. Juu ya moshi kuna vikope vilivyoanza utotoni, vumbi la kiangazi na umri wenyewe. Macho ya kikongwe wa namna hiyo ni kumbukumbu ya kazi aliyoifanyia nyumba yake.

Inafaa tuseme waziwazi kwamba lugha haiui. Nyuma ya tuhuma za uchawi kuna vifo vya watoto visivyoelezeka kwa wazazi wao, kuna ramli za waganga, na mara nyingi kuna shamba au mifugo ambayo mtu mwingine anaitaka, na mjane anayesimama njiani. Hata dhana ya uchawi ni ya kale kuliko msemo huu: *mulogi*, wingi *balogi*, katika Kinyamwezi ni jamaa wa *kuloga* na *mlozi* katika Kiswahili. Swali la mwanaisimu ni dogo zaidi, lakini si la kupuuzwa: kwa nini alama iliyochaguliwa iwe jicho, na kwa nini msemo *macho mekundu* uweze kubeba tuhuma bila kuongezewa neno?

Jibu letu linatokana na sehemu ya 4.0 na ya 5.0. Kwanza, *macho mekundu* yanaingia moja kwa moja katika kiunzi cha *macho makavu*: wingi na kivumishi, sura iliyogeuka tabia. Masikio ya msemaji yamekwisha kuzoea kusikia hukumu ndani ya kiunzi hicho. Pili, katika jamii inayoamini jicho baya, macho ya mtu anayeogopwa hayabaki kuwa ya kupokelea. Yanahamishwa kutoka upande wa wingi hadi upande wa umoja: yalikuwa macho yanayoumwa, sasa ni jicho linaloumiza. Mgonjwa amefanywa chanzo cha ugonjwa. Mhamo huo wa maana ni mfupi mno, wala anayeufanya hautambui.

Kwamba hukumu hiyo haimo katika wekundu wenyewe kulidhihirika mwezi Januari 2024, wakati Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa maambukizi ya macho nchini Tanzania. Ugonjwa huo, ambao katika mazungumzo na katika magazeti uliitwa *macho mekundu*, haukuchagua umri wala jinsia. Uliwapata vijana wa mijini, wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi. Watu walishauriwa kunawa mikono na kuepuka kushikana. Maneno yalikuwa yale yale mawili, na rangi ilikuwa ile ile. Kilichokuwa tofauti ni mwenye macho: kijana mwenye macho mekundu alikuwa mgonjwa, na kikongwe mwenye macho mekundu, katika vijiji kadhaa vya nchi hiyo hiyo, alikuwa mtuhumiwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumejaribu kuonyesha kwamba *jicho* na *macho* katika Kiswahili si umoja na wingi wa kitu kimoja tu. Ni njia mbili za kuuelewa mtazamo: mmoja unatoka, mwingine unapokea. Tumeonyesha pia kwamba Kinyamwezi, kwa maumbo kama *miso* na *kubona*, kinatupa mwanga juu ya historia ya Kiswahili chenyewe. Hili lisitushangaze. Kinyamwezi kimekuwa mwalimu wa wanaisimu wa Kibantu tangu Meinhof aipe kanuni mojawapo mashuhuri ya fonolojia jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeishughulikia lugha hiyo.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu. La kwanza linawahusu wanakamusi. Kitomeo *jicho* kiwe na sehemu inayojitegemea ya matumizi ya umoja tu, na *macho* katika maana ya kutolala na kuwa chonjo kipewe kitomeo chake, kwani kisarufi si nomino tena. *Macho mekundu* nayo yaingizwe, na maana yake ya kitabibu itajwe kwanza.

La pili linawahusu wafasiri na waandishi wa maandishi ya afya yanayopelekwa katika zahanati za mahali kama Choma. Wasitosheke na *macho mekundu* kama jina la ugonjwa. Wataje chanzo: *vikope*, *moshi wa jiko*, *mtoto wa jicho*. Jina linalotaja chanzo humwelekeza msikilizaji kwenye tiba, kwenye dirisha la jiko na kwenye maji ya kunawia. Jina linalotaja rangi peke yake humwacha atafute chanzo mwenyewe, nasi tumeona anakoweza kukipata.

La tatu linawahusu wanafunzi wa shahada za juu. Mgawanyo wa umoja na wingi tulioueleza kwa Kiswahili unastahili kupimwa katika Kinyamwezi na Kisukuma kwa data iliyokusanywa vijijini, hasa kutoka kwa wanawake wazee, ambao ndio wanaoijua misemo hii kwa undani na ndio wanaodhurika nayo. Msamiati wa jicho uulizwe kwao wangali hai.